Ofa Si Zawadi: Istilahi za Vyuo Vikuu vya Uingereza na Mwanafunzi wa Kasulu



Hoja ninayoitetea katika mhadhara huu ni moja. Mwanafunzi wa Kitanzania anayeomba nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza huponzwa na maneno mepesi kuliko maneno magumu. Neno gumu humsimamisha mtu. Hulitazama mara mbili, hulitafuta katika kamusi, humwuliza mwalimu. Lakini maneno kama "offer", "sponsor", "home", "college", "maintenance" na "class" kijana wetu anayajua tangu kidato cha pili, na kwa kuwa anayajua haoni sababu ya kuuliza. Anayapita na maana ya darasani au ya mtaani, ilhali chuo kilichoyaandika kimeyapa maana nyingine, yenye tarehe ya mwisho, kiasi cha fedha na matokeo ya kisheria ndani yake. Kutoka hapo nitadai kwamba kuyaeleza maneno haya kwa Kiswahili, mapema, shuleni na nyumbani, ni kazi ya lazima, na kwamba mwanafunzi siye wa kwanza anayepaswa kuelezwa.

Chukueni neno ofa. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku ofa ni unafuu: duka limetoa ofa, kampuni ya simu imetangaza ofa ya dakika, rafiki amekupa ofa ya soda. Habari zikienea kijijini kwamba mtoto wa fulani amepata ofa Uingereza, watu humpongeza wakidhani ada imeshapata mlipaji. Tuisome barua ya namna hiyo jinsi inavyoandikwa kwa kawaida. Juu kuna jina la mwombaji na namba yake. Chini yake kuna jina la programu, muda wake, na siku masomo yatakapoanza, mara nyingi mwezi Septemba. Kisha kinafuata kiasi cha ada kwa mwaka, na pengine maneno madogo yanayosema kwamba ada hiyo yaweza kupanda mwaka unaofuata. Halafu yanakuja masharti: ufaulu fulani wa kidato cha sita, alama fulani za mtihani wa Kiingereza, nakala za vyeti, amana ya kulipwa kabla ya siku fulani. Mwisho kuna tarehe ambayo nafasi itafutika mwombaji asipojibu. Hakuna hata mstari mmoja unaoahidi fedha. Barua inasema tu kwamba chuo kiko tayari kumpokea kwa bei hiyo akitimiza hayo. Hata masharti yakishatimizwa, barua ikageuka kuwa isiyo na masharti, yaliyoondoka ni ya chuo peke yake. Viza bado, ada bado, nauli bado, cheti cha kupimwa kifua kikuu bado. Ningependa tuiite nafasi ya udahili, yenye masharti au isiyo na masharti, ili mzazi akiisikia ajue kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

Ada nayo ina neno lake jepesi, nalo ni "home". Vyuo vya Uingereza hutoza ada za namna mbili, ya wenyeji na ya wageni. Kwa shahada ya kwanza huko England, ada ya wenyeji huwekewa kikomo na serikali: ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka tangu 2017, ikapandishwa hadi 9,535 kwa mwaka wa masomo wa 2025/26. Ada ya wageni haina kikomo. Kila chuo hujipangia, na kuvuka pauni 20,000 kwa mwaka ni jambo la kawaida. Tofauti hii haikuwepo tangu zamani. Ilianzishwa mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikawatoza wanafunzi wa kigeni gharama kamili ya masomo yao. Kwa hiyo ushauri wa mjomba aliyesoma huko mwanzoni mwa miaka ya sitini, hata uwe wa upendo kiasi gani, unatoka katika utaratibu uliokwisha kufa. Tena uenyeji huo haufuati cheti cha kuzaliwa wala pasipoti peke yake. Hutazamwa mtu alikuwa akiishi wapi kwa miaka mitatu kabla ya masomo kuanza, pamoja na hadhi yake ya uhamiaji. Mtoto aliyezaliwa London, mwenye pasipoti ya Uingereza, akalelewa Kasulu au Dar es Salaam, aweza kabisa kutozwa ada ya mgeni. Familia zinazoijua kanuni hii hupanga mapema. Zisizoijua huigundua wakati barua ya ada imeshafika.

Neno lenye madhara makubwa kuliko yote ni "sponsor". Kwetu sponsa ni mfadhili, mtu au shirika linalokulipia. Katika sheria za uhamiaji za Uingereza mdhamini wa mwanafunzi ni chuo chenyewe, na udhamini huo hauhusu kulipa hata senti moja. Chuo hupewa leseni na serikali ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Kwa leseni hiyo humtolea mwanafunzi uthibitisho wa kupokelewa, unaojulikana kwa kifupi kama CAS, na kwa namba ya uthibitisho huo ndipo mwanafunzi huomba viza. Chuo nacho hubeba wajibu wa kuitaarifu serikali mwanafunzi asipofika, akiacha masomo au akitoweka madarasani. Kutohudhuria, ambako kwetu humgharimu mtu alama na karipio la mhadhiri, kule kwaweza kumgharimu ruhusa ya kuishi nchini. Uzito wa neno hili ulionekana Agosti 2012, serikali ilipokinyang'anya Chuo Kikuu cha London Metropolitan leseni yake. Wanafunzi wa kigeni zaidi ya 2,000 waliambiwa kwamba watapewa siku 60 za kutafuta chuo kingine, la sivyo waondoke. Septemba Mahakama Kuu iliwapa nafuu ya muda baadhi yao, na mwaka uliofuata chuo kikarudishiwa leseni, lakini somo lilikuwa limeshaonekana: ada iliyokwisha kulipwa haimkingi mwanafunzi ambaye mdhamini wake amepoteza leseni. Anayedhani sponsa wake ni baba yake, au shirika la dini lililomchangia, hana sababu ya kuuliza kama chuo anachokiendea kina leseni. Orodha ya vyuo vyenye leseni hutangazwa na serikali ya Uingereza kwa kila mtu, na kuikagua ni kazi ya dakika chache kwa anayejua kwamba ipo.

Fedha za kujikimu, ambazo nyaraka huziita "maintenance", zinastahili kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo uchumi wa huku kwetu Buha na kanuni za Uingereza hukutana vibaya. Kuanzia Januari 2025 mwombaji alitakiwa kuonyesha pauni 1,136 kwa kila mwezi akisoma nje ya London, na pauni 1,483 akisoma London, kwa muda usiozidi miezi tisa. Hesabu hiyo inafikia pauni 10,224 nje ya London na 13,347 ndani yake, mbali na ada ya mwaka wa kwanza isiyolipwa bado, na viwango hivi hupandishwa kila baada ya muda. Fedha hizo lazima zikae benki, katika akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi, kwa siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Sasa utajiri wa familia ya Rungwe Mpya, kata yetu hapa Kasulu, umekaa wapi? Umo katika shamba, ng'ombe, mbuzi, kahawa inayosubiri msimu, maharage ghalani, hisa katika vikundi vya akiba vya VICOBA, na ahadi za ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam. Yote hayo ni mali halisi, lakini ofisa wa viza hatambui shamba wala mifugo. Anatazama taarifa ya benki. Na desturi yetu ya kuchangishana hukusanya fedha siku za mwisho, wakati kanuni inataka ziwe zimelala benki karibu mwezi mzima kabla ya ombi kupelekwa. Familia inayoweza kabisa kumudu gharama yaweza kunyimwa viza kwa kuchelewa kugeuza mali kuwa fedha. Aliyelitafsiri neno hilo kuwa matumizi ya chuoni hataiona hatari hiyo. Aliyeelezwa kwamba ni fedha za kujikimu zinazothibitishwa kwa siku 28 atauza ng'ombe kwa wakati.

Nageukia shahada zenyewe, na kwa kuwa wilaya hii ya Kasulu ina kata iitwayo Asante Nyerere, mfano wangu nautoa kwa Mwalimu Nyerere. Nyerere alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akapata stashahada ya ualimu, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1952 na shahada iitwayo Master of Arts. Mara nyingi huandikwa kwa Kiswahili kwamba alipata shahada ya uzamili, na jina linamruhusu mtu kufikiri hivyo. Lakini katika vyuo vikongwe vya Scotland, yaani St Andrews, Glasgow, Aberdeen na Edinburgh, Master of Arts ndiyo shahada ya kwanza ya masomo ya sanaa. Miaka mitatu humpa mtu ile ya kawaida, minne humpa ile yenye heshima, yaani "honours". Mwalimu alikwenda kusoma shahada ya kwanza, akaipata. Kulieleza hilo sawasawa hakumpunguzii chochote, maana heshima yake kwetu haikujengwa juu ya jina la cheti. Ila kunamsaidia sana mhitimu wa leo. Mwenye shahada ya kwanza ya Dar es Salaam au Dodoma akiomba Master of Arts ya miaka minne huko Scotland, anaomba kuanza upya. Akitaka uzamili wa historia au wa masomo ya Afrika pale Edinburgh atakuta unaitwa Master of Science, na atakaporudi nyumbani mwajiri atauliza sayansi hiyo aliisoma lini. Oxford na Cambridge zina mzunguko wao: wahitimu wao wa sanaa hupata shahada ya kwanza, kisha baada ya miaka kadhaa huruhusiwa kupandishwa hadi Master of Arts bila mtihani wala somo la ziada. Jina moja, basi, laweza kuwa shahada ya kwanza, shahada ya uzamili, au daraja la ukongwe. Hakuna kamusi itakayomwokoa mtu hapo, maana kamusi itasema "Master" ni bwana au bingwa na kunyamaza. Kinachookoa ni kuuliza ni ngazi gani, ni krediti ngapi, na nani anapokelewa. Shahada ya kwanza ya heshima huko England huwa na krediti 360, uzamili 180. Hesabu hizo zinasema ukweli kuliko majina.

Neno "college" lina mtego wa aina hiyo hiyo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyekimbilia Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alisoma kwanza Christ Church College ya Canterbury. Wakati huo taasisi hiyo ilifundisha, lakini shahada zake zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Baadaye akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent, mwaka 1982. Huko Oxford nako kuna Christ Church, nayo ni ndaki ndani ya chuo kikuu, haina uhusiano wa mamlaka na ile ya Canterbury. Mitaani Uingereza kijana wa miaka 16 anayesoma useremala au anayejiandaa na mitihani ya kuingia chuo kikuu naye husema yuko college. Sisi tuna neno chuo, na tumelitwika mzigo kama huo: hapa Kasulu kuna chuo cha ualimu, kuna chuo cha maendeleo ya wananchi, na tukiongea na mtu wa pwani chuo chaweza kuwa madrasa. Hatujawahi kuchanganyikiwa kwa sababu tunaujua mji wetu. Mgeni haujui mji wa wenzake. Anachohitaji kujua kuhusu taasisi yoyote ya Uingereza inayojiita college ni jambo moja: je, inatoa shahada yake yenyewe, au inafundisha kwa niaba ya chuo kikuu kingine, au haitoi shahada kabisa? Jina litakaloandikwa kwenye cheti ndilo ambalo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania italitazama mhitimu atakapoomba shahada yake itambuliwe. Tume hiyo hiyo hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayetaka kwenda kusoma nje, na kukiomba kabla ya kuondoka huzuia uchungu mwingi wa baadaye.

Najua lipo pingamizi la haraka. Mtu atasema: wanafunzi hawa wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, hivyo wa kuwaeleza maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili ni wa nini? Ningemjibu kwanza kwamba serikali ya Uingereza yenyewe haiihesabu Tanzania katika orodha ya nchi za wazungumzaji wa Kiingereza, ndiyo maana mwombaji wetu hutakiwa kuthibitisha lugha. Lakini jibu hilo ni dogo. Jibu kubwa ni kwamba hata anayekijua Kiingereza vizuri hajui taasisi za Uingereza kwa sababu hiyo tu. Mmarekani, ambaye Kiingereza ni lugha ya mama yake, huchanganyikiwa akiambiwa kwamba "public school" ya Uingereza ni shule ya kulipia ya watu wenye uwezo. Na sisi wa Kasulu tunao ushahidi karibu zaidi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na tangu hapo tumeishi jirani na Wakongo ambao Kiswahili chao tunakielewa. Wengi wao wamesoma kwa mfumo wenye mizizi Ubelgiji, ambamo mtu alisoma miaka mitatu akaitwa "gradué", akaongeza miwili akaitwa "licencié". Mkongo akikuambia kwa Kiswahili safi kwamba ana lisansi, Mtanzania husikia leseni, na kinachomjia akilini ni gari. Lugha mnashirikiana, vyeti hamshirikiani. Kilichokosekana hapo ni maelezo ya utaratibu, na maelezo hayo hueleweka vizuri zaidi kwa lugha ambayo mzazi na mtoto wanaweza kubishana kwayo wakiwa wameketi pamoja. Mzazi ndiye mwenye akaunti ya benki, ndiye anayeuza ng'ombe, ndiye anayeandika barua ya kuridhia fedha zake zitumike. Si haki atie saini jambo ambalo limeelezwa kwa lugha ya mtoto wake wa sekondari peke yake.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, na linastahili heshima. Ni wangapi kutoka Rungwe Mpya watakaokwenda Uingereza? Shule zetu za kata zina upungufu wa walimu wa hisabati na maabara. Kuzungumzia viza ya London mahali hapa si kuwapa watu ndoto badala ya madawati? Ningekubali upesi kama istilahi hizi zingekuwa za Uingereza tu. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama ndaki ya Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kusimama peke yake mwaka 1970. Makerere nayo ilipitia London. Daraja la kwanza, daraja la pili la juu, daraja la pili la chini (hapa "class" ni daraja la ufaulu, si darasa), mkuu wa chuo asiyeendesha chuo na makamu wake anayekiendesha, tasnifu, mtahini wa nje: vyote vilikuja kwa njia hiyo, na vimo katika vyuo vyetu hadi leo. Kijana wa Rungwe Mpya anayekwenda Dodoma, Mzumbe au Chuo Kikuu Huria kwa njia ya masafa anakutana na ukoo huo huo wa maneno. Anayemweleza maana ya daraja la pili la juu anamsaidia huku na huko, kwa sababu wastani wa 3.5 kati ya 5 unaompa daraja hilo Dar es Salaam ndio mara nyingi unaolinganishwa na kiwango ambacho vyuo vingi vya Uingereza, na hata ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1983, hukitaka kwa mwombaji wa uzamili. Hapa niongeze tahadhari: taja daraja pamoja na wastani, na useme ni kati ya ngapi. Aliyezoea kipimo cha nne ataisoma 3.5 yako kwa namna nyingine, na makosa ya kusomwa juu yana madhara kama ya kusomwa chini.

Ndani ya masomo yenyewe maneno mepesi yanaendelea. Alama 70 kule ni daraja la kwanza, na insha iliyopata 62 ni kazi nzuri. Aliyetoka kidato cha sita, ambako A huanzia 80, aweza kukata tamaa bure. Likizo ni neno jingine. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na zaidi wakati wa likizo. Mwanafunzi wa uzamili huona wenzake wa shahada ya kwanza wanaondoka Juni, akadhani naye yuko likizo, kumbe miezi ile ya kuandika tasnifu kwake ni muhula, na kuzidisha saa ni kuvunja sharti la viza. Lakini ninalotaka lisikike zaidi ni utaratibu wa hali za dharura. Mwanafunzi akiugua au akifiwa karibu na mtihani, chuo humtaka ajaze fomu na kuleta ushahidi ndani ya siku chache zilizopangwa; akifanya hivyo huweza kuongezewa muda au kurudia mtihani kama wa mara ya kwanza. Akinyamaza, akakaa mtihanini na msiba moyoni, matokeo yake huhesabiwa kama ya mtu aliyekuwa mzima, na akirudia mtihani, kwa kawaida alama yake haivuki ile ya kupita. Sisi tumelelewa kuvumilia. Kumweleza mgeni habari ya kifo cha nyumbani, na kumpelekea karatasi ya kuthibitisha, huonekana kama kuutangaza msiba. Ndiyo maana kijana huyu anahitaji kuambiwa mapema, na mtu anayemheshimu, kwamba kujaza fomu ile ni haki yake, na kwamba wazazi walioko Kasulu wanaweza kutakiwa kutuma nakala ya cheti cha kifo siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kazi hii tayari inafanywa na mawakala wa elimu mjini, tena bila malipo. Baadhi yao ni watu waadilifu na wenye ujuzi. Hata hivyo wakala kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi akishajiandikisha, kwa hiyo hana sababu ya kuharakisha kueleza neno ambalo likieleweka mteja atasita. Maelezo ya bure yana mlipaji, na mzazi ana haki ya kumjua. Wengine watasema Kiswahili hakina maneno. Kinayo: udahili, amana, mdhamini, fedha za kujikimu, tasnifu, ndaki, krediti, stashahada, uzamivu. Neno ndaki lenyewe lilikuwa geni kwa wengi mpaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipolibandika kwenye milango yake. Leo mwanafunzi hutaja ndaki yake bila kufikiri. Kinachopungua ni maelezo yanayoambatana na kila neno: nani anakitoa kitu hicho, kwa sharti gani, kwa gharama ipi, na kinakoma lini. Kitabu kidogo cha namna hiyo kingeweza kuandaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, kikapelekwa katika kila shule yenye kidato cha tano.

Limebaki neno moja linalowahusu walimu. Maombi ya shahada ya kwanza Uingereza hupitia UCAS, chombo kilichoundwa mwaka 1992 kwa kuunganisha mifumo miwili ya awali. Siku ya mwisho kwa kozi nyingi huwa Januari. Kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari wa binadamu huwa katikati ya Oktoba ya mwaka uliotangulia. Sisi mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei na matokeo hutangazwa Julai, na udahili wetu huyasubiri matokeo hayo. Kwa hiyo anayetaka kuanza Septemba ile ile huomba kabla hajaingia chumba cha mtihani, na badala ya matokeo chuo hutaka ufaulu unaotarajiwa, somo kwa somo, ukiandikwa na shule pamoja na maelezo ya mwalimu kuhusu mwanafunzi. Katika utaratibu wetu mwalimu hana kazi ya namna hiyo. Akiombwa ghafla aweza kukataa kwa kuogopa kutabiri, au kuandika alama za chini kwa tahadhari, au za juu mno kwa huruma, na kila moja kati ya hizo humharibia kijana. Anaweza pia kumshauri asubiri matokeo na kuomba mwaka unaofuata, na kwa wengi huo ni ushauri mzuri, hasa kwa kuwa vyuo vingine hukipokea cheti chetu cha kidato cha sita moja kwa moja na vingine hutaka kwanza mwaka wa msingi wenye ada yake. Ila ushauri huo nao unataka mwalimu anayejua njia zote mbili. Mwanafunzi anayeingia kidato cha sita Julai ana miezi mitatu tu kabla ya Oktoba na sita kabla ya Januari; mwalimu wake anapaswa awe ameshaelezwa kinachotakiwa kwake wakati kijana huyo angali kidato cha tano.